Mlinzi Aliyesikia Transfoma Ikibadili Sauti

Simu iliita saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa naweka maji ya chai jikoni kwangu Mwanjelwa, Mbeya. Alikuwa meneja wa kiwanda kimoja cha chai kule Mufindi, mtu niliyewahi kumsukia upya koili za mota mbili tatu. Hakunisalimia. "Dada fundi, tunaibiwa mafuta ya transfoma. Mlinzi nimeshamsimamisha kazi. Njoo unipimie zimepungua lita ngapi, nataka niende polisi na karatasi mkononi."

Sikushangaa. Mafuta ya transfoma yanaibiwa kweli nchini kwetu. Watu huja usiku na madumu, hufungua koki ya chini, hukinga, na kesho yake kijiji kizima kiko gizani kwa sababu transfoma imebaki kavu ikaungua. Mtu akisikia mafuta yamepungua, anayemtazama kwanza ni yule anayelala pale. Nikafunga mkoba, nikaweka mita zangu mbili na kile chombo cha kurekodi umbo la umeme, nikapanda basi la Iringa. Uyole, Chimala, Igawa, Makambako. Nyololo nikateremka, gari la kiwanda likanichukua kuingia ndani upande wa mashamba, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya chai kama shuka.

Mlinzi huyo, mzee mmoja, nilimkuta nje ya geti lake mwenyewe, na koti refu la baridi, hana pa kwenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Wewe ndiye unayekuja kunipima?"

Nikamwambia nimekuja kupima transfoma. Akatikisa kichwa polepole. "Basi uisikilize pia. Hiyo kitu imebadilika sauti tangu mwezi wa Tatu. Niliwaambia. Mimi naimba besi kwenye kwaya ya usharika, mwanangu. Sauti moja ikiongezewa nyingine juu yake naijua."

Maneno hayo sikuyapa uzito wakati ule. Niliyaandika kwenye daftari kwa sababu nimefundishwa kuandika kila kitu anachosema mtu anayekaa na mtambo, basi.

Transfoma yenyewe ilikuwa na uwezo wa kVA 500, ya mafuta, yenye tangi dogo juu na kioo cha kuonyesha kimo cha mafuta. Juu ya kioo mhasibu alikuwa amechora mstari kwa kalamu nyekundu. Nikauliza mstari huo ulichorwa lini. Alhamisi saa saba usiku, wakati wa zamu. Na mafuta yakaonekana yamepungua lini? Jumapili alasiri. Jumapili kiwanda kilikuwa kimesimama.

Hapo kesi ya wizi ilikuwa imekwisha, ingawa ilinichukua nusu saa kuwaeleza. Mafuta hutanuka yakipata joto. Kila lita 1,000 za mafuta ya transfoma huongezeka kwa karibu robo tatu ya lita kwa kila nyuzi 1 ya joto. Transfoma hii ilikuwa na lita 400 hivi, kwa hiyo kila nyuzi 1 ni kama theluthi ya lita kasoro kidogo. Kitabu cha zamu kilionyesha kwamba Alhamisi usiku geji ya joto la mafuta ilisoma nyuzi 82. Jumapili alasiri ilisoma 24. Tofauti ni nyuzi 58, yaani lita 17 hivi, karibu dumu zima la lita 20, zilizopanda na kushuka zenyewe ndani ya tangi bila mtu kugusa koki. Lakiri ya koki ilikuwa nzima, na kutu yake haijavunjika. Nikamwonyesha mhasibu kwa tochi. Akaitazama kwa muda mrefu.

Meneja akasema sawa, basi, karibu chai. Mimi nilikuwa bado natazama ile 82 kwenye kitabu cha zamu.

Mufindi ni juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ilikuwa mwezi wa Tano. Usiku wa Alhamisi ile joto la nje, kwa kitabu chao wenyewe, lilikuwa nyuzi 9. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kwa transfoma za mafuta za aina hii kinaruhusu mafuta ya juu kupanda nyuzi 60 kuzidi hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa 9, mafuta hayapaswi kupita 69 hata transfoma ikibeba mzigo wake wote. Hii ilikuwa imepanda nyuzi 73. Kengele ilikuwa imewekwa ilie kwenye 85, kwa hiyo haikulia, na kwa kuwa haikulia hakuna aliyeuliza.

Hili nalisema kwa mafundi wenzangu wa huku juu, na nalisema kwa nguvu: baridi yetu inaficha ugonjwa. Transfoma ile ile, na mzigo ule ule, ingekuwa Dar es Salaam usiku wa nyuzi 28, geji ingepita 100 na kila mtu angetoka kitandani. Mufindi inasoma 82 tu na kitabu kinatiwa saini. Geji ya joto ukiisoma bila kutoa joto la nje, hujaisoma. Na usitegemee kwamba hewa ya mlimani inapoza vizuri kuliko ya pwani. Ni ya baridi, ndiyo, lakini ni nyepesi. Kwa kimo kile uzito wake umepungua kama asilimia 17 ukilinganisha na wa baharini, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ndiyo maana vipimo vya kiwandani vinahesabiwa hadi mita 1,000, na ukipanda zaidi ya hapo, kwa transfoma ya mafuta inayopozwa na hewa yenyewe, kikomo cha kupanda kwa joto hukatwa nyuzi 1 kwa kila mita 400. Kwetu ni nyuzi 2. Ni kidogo, lakini mtu aliyeagiza transfoma ile hakuzitaja.

Nikakataa chai, nikaomba nilale pale.

Kiwanda cha chai hakilali msimu wa mvua. Majani yakichumwa mchana, usiku yanalala kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa zinapuliza hewa kutoka chini ili yanyauke kabla ya kusagwa. Kunyausha kunachukua saa kumi na mbili na zaidi. Zamani feni zilikuwa zinawaka kwa nguvu zote au zinazimwa, na fundi anayejua majani alikuwa anacheza na milango ya hewa. Mwezi wa Pili mwaka ule kiwanda kilikuwa kimefunga vidhibiti mwendo, vile tunavyoviita drivu, kwenye feni zote na kwenye mashine kadhaa za kusagia. Uamuzi ulikuwa mzuri, na sitaki mtu anielewe vibaya. Umeme unaoliwa na feni hufuata mwendo wake kwa kipeo cha tatu: ukiipunguza hadi asilimia 80 ya mwendo, inakula karibu nusu tu ya umeme. Bili ikashuka. Bili iliposhuka, wakaongeza vitanda vingine vinne, vya nguvu, kila kimoja na drivu yake.

Mwezi wa Tatu vitanda vipya vikaanza kazi. Mzee alisema mwezi wa Tatu.

Saa sita usiku nikaenda kwenye bodi kubwa na fundi wa zamu, kijana mzuri, msafi wa kazi. Akafunga klampu mita ya kiwanda, ile inayobana kebo na kupima mkondo, kwenye kebo ya fezi nyekundu. Ampea 560. Akageuka kunitazama kwa fahari: "Uwezo wake ni 722, dada. Hata asilimia 80 hatujafika." Nikafunga yangu mahali pale pale. Ampea 680.

Akafikiri mita yangu ni mbovu. Nikampa nyingine, nayo ikasoma 680. Hapa ndipo penye jambo ambalo nimelikuta katika kila mji wa nyanda hizi za juu kusini, kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini. Klampu mita ya bei ndogo hupima wastani wa wimbi, halafu inazidisha kwa namba moja isiyobadilika, ikiamini kwamba umeme unapanda na kushuka kwa mviringo laini kama ulivyotoka bwawani. Wimbi likiwa laini, jibu ni sahihi. Wimbi likiharibika, mita inadanganya, na mara nyingi inadanganya kwa kupunguza, wakati mwingine kwa asilimia 30 au hata 40. Mita inayopima thamani halisi inahesabu wimbi lilivyo, liwe na umbo lolote. Tofauti ya bei kati ya mita hizo mbili kwa maduka ya Mbeya ni mshahara wa siku chache za fundi. Transfoma ni bei ya nyumba.

Nikafungua chombo cha kurekodi, nikamwonyesha kijana kioo. Wimbi la volti lilikuwa limechoka kidogo kileleni, lakini bado ni wimbi. Mkondo ulikuwa kitu kingine kabisa. Kila nusu ya wimbi ilikuwa na vilele viwili vyembamba na bonde katikati, kisha utupu, kisha vilele viwili upande wa chini.

"Hii ndiyo ampea yetu?" akauliza.

Ndiyo hiyo. Drivu haivuti umeme mfululizo. Kwanza inaugeuza kuwa wa mkondo mnyoofu na kuujaza kwenye kapasita, ghala dogo la umeme, na kapasita ikishajaa, mlango unafunguka tu pale volti inapokuwa juu kuliko iliyomo ndani. Kwa hiyo inanyakua kwa mafunda mafupi makubwa, mara sita kwa kila mzunguko mmoja wa fezi tatu, na katikati haivuti kitu. Kompyuta, taa za LED, chaja za simu na UPS, yaani betri za akiba za kompyuta, zote zina tabia ya namna hiyo. Mota iliyoungwa moja kwa moja, pasi, heta ya maji, hizo ni mizigo ya zamani yenye adabu: zinakunywa kwa mdundo ule ule wa volti.

Mfaransa Joseph Fourier, mwaka 1822, akiwa anachunguza jinsi joto linavyotembea ndani ya vitu, alionyesha kwamba wimbi lolote linalojirudia, hata liwe na vilele vya ajabu namna gani, linaweza kugawanywa kuwa mkusanyiko wa mawimbi laini: moja la msingi, na mengine yenye kasi ya mara mbili, mara tatu, mara tano ya lile la kwanza. Kwetu la msingi ni Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. La tano ni 250, la saba 350, la kumi na moja 550, la kumi na tatu 650. Drivu ya mafunda sita hutoa hasa haya manne, na mengine ya juu yake yanayozidi kupungua. Haya ndiyo wahandisi wanayaita hamoniki. Ni jambo linalonigusa kila nikilikumbuka, kwamba mtu aliyekuwa anatafuta siri ya joto ndiye aliyetupa hesabu ya kujua kwa nini shaba inachemka Mufindi.

Na hapo nikamkumbuka mzee na besi yake. Transfoma yenye afya hunguruma kwa Hz 100, mara mbili ya umeme wenyewe, kwa sababu mabati ya kiini chake yanavutwa katika kila nusu ya wimbi. Mkondo ukijaa hamoniki, juu ya ngurumo ile zinapanda sauti nyingine nyembamba. Anayekaa nayo usiku kucha kwenye ukimya wa mashamba, na sikio lake limezoeshwa kwa miaka kuishika sauti yake wakati wengine wanaimba zao, atasikia kwamba kuna mtu ameongezwa kwenye kwaya. Alisikia miezi miwili kabla ya mita yoyote. Akasema. Akaambiwa alinde geti.

Sasa kwa nini ampea 680 ziunguze transfoma ya ampea 722? Tuingie ndani ya shaba.

Hasara inayojulikana na kila fundi ni ile ya mkondo kupita kwenye ukinzani wa waya. Iko nyingine. Kila koili imezama katika uga wa sumaku unaogeukageuka, na uga huo hauzungushi umeme kwenye koili ya pili peke yake. Ndani ya unene wa waya wenyewe pia unazua vijikondo vinavyojizungusha kama maji kwenye kona ya mto, havifiki popote, havifanyi kazi yoyote, vinatoa joto tu. Kwa Hz 50 vijikondo hivi ni sehemu ndogo. Cheti cha majaribio cha transfoma hii, nilichokikuta kwenye faili la kijani ofisini, kilitoa hesabu ya kama asilimia 10 ya hasara ya ukinzani. Ubaya wake ni kwamba joto lao hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Ampea 1 ya hamoniki ya tano inazua vijikondo vyenye joto mara 25 ya ampea 1 ya msingi. Ya saba, mara 49. Ya kumi na tatu, mara 169. Tena joto hili halijigawi sawasawa. Linajikusanya kwenye ncha za koili, juu na chini, mahali uga unapopinda, na geji iliyo juu ya tangi haipaoni.

Nilichopima usiku ule, kwa kila ampea 100 za msingi, kilikuwa ampea 38 za tano, 20 za saba, 8 za kumi na moja na 5 za kumi na tatu. Chukua kila moja kama sehemu ya msingi, zidisha yenyewe kwa yenyewe, kisha zidisha na kipeo cha pili cha nambari yake. Msingi unatoa 1. Ya tano inatoa 3.61, yaani peke yake inazidi mara tatu na nusu kile kinachotolewa na umeme wa kazi. Ya saba 1.96. Ya kumi na moja 0.77, ya kumi na tatu 0.42. Jumla 7.76. Gawanya kwa jumla ya mikondo hiyo hiyo, kila mmoja ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe tu bila nambari yake, ambayo ni 1.19. Unapata 6.5.

Hiyo 6.5 ina jina. Wamarekani wanaiita kigezo K, na mwongozo wa wahandisi wao wa kuhesabu transfoma zenye mizigo ya namna hii, IEEE C57.110, ulianza kutoka mwaka 1986. Mzigo laini una K ya 1. Wa kwetu ulikuwa 6.5, maana yake vijikondo vya ndani ya shaba vilikuwa vinatoa joto mara sita na nusu ya lile mtengenezaji alilolitarajia kwa ampea zile zile. Ile asilimia 10 ikawa 65. Ukirudisha hesabu nyuma ili hasara yote ilingane na ile transfoma iliyojengewa, ampea zake halali zinashuka hadi asilimia 82 ya zile zilizoandikwa kwenye kibati chake, yaani 590 badala ya 722. Ilikuwa inabeba 680. Na mita ya kiwanda ilikuwa inasema 560, kila mtu akawa na amani.

Nikamwandikia meneja hesabu hiyo nyuma ya karatasi ya mizani ya majani, mezani kwake, saa moja asubuhi. Alikuwa mkimya. Kisha akauliza swali ambalo nilimheshimu kwalo: "Ingeendelea hivi, ingekufa lini?" Tarehe huwezi kumpa mtu. Karatasi inayofunika koili ndiyo uhai wa transfoma, na karatasi ya kawaida, joto la sehemu yake yenye moto zaidi likizidi nyuzi 98, huzeeka kwa kasi maradufu kwa kila nyuzi 6 zinazoongezeka. Mafuta unaweza kubadilisha. Karatasi iliyogeuka majivu ya kahawia ndani ya koili huwezi.

Wakati huo mezani pake kulikuwa na nukuu ya bei kutoka kwa muuzaji mmoja. Alikuwa ameambiwa transfoma inapata moto kwa sababu umeme ni mbovu, na dawa ni kuongeza benki ya kapasita ya kVAr 250. Nashukuru Mungu ilikuwa haijalipiwa. Transfoma ya kVA 500 yenye impidansi, yaani kizuizi chake cha ndani kwa mkondo, ya asilimia 4 ina nguvu ya shoti (nyaya zikigusana) ya kVA 12,500 kwenye ncha zake za kutolea umeme. Gawanya kwa 250, unapata 50. Kipeuo cha pili cha 50 ni 7 na ushee. Yaani kapasita zile na transfoma ile zingepatana mdundo karibu kabisa na hamoniki ya saba, ambayo tayari ilikuwemo kiwandani kwa wingi. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Mkondo wa saba ungevimba hadi kapasita zipasuke au fyuzi ziruke, na joto la transfoma lingeongezeka. Mahali penye drivu nyingi kapasita tupu hazifai. Zikihitajika, kila moja ifungwe na choki yake, yaani koili kwenye kiini cha chuma, kwa kawaida ya asilimia 7, inayoshusha mdundo wao hadi Hz 189, chini ya 250, mahali ambapo hakuna anayewaitikia.

Nikapendekeza mambo mawili. La haraka lilikuwa choki kwenye drivu zote ambazo zilifungwa bila choki, na hizo zilikuwa zaidi ya nusu, zile za bei nafuu za vitanda vipya. Kwenye drivu, choki inalainisha mafunda. Zilipofika, baada ya wiki tano, ya tano ilishuka kutoka 38 hadi 29, ya saba kutoka 20 hadi 11, na K ikawa 4. Mafuta yakashuka nyuzi kadhaa. Bado mzigo ulizidi kidogo uwezo, kwa hiyo usiku mashine mbili za kusagia zilisubiri hadi feni za vitanda vya kwanza zizimwe.

La pili lilikuwa transfoma mpya, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi huku wakisikia transfoma ya K wanadhani ni chujio. Haichuji kitu. Hamoniki zinaingia na kutoka kama kawaida. Yenyewe imejengwa kuzivumilia. Badala ya waya mmoja mnene, mtengenezaji anatumia nyaya nyembamba kadhaa, kila mmoja umefunikwa peke yake, zinakwenda sambamba na kubadilishana nafasi njiani ili vijikondo visipate uwanja wa kuzunguka. Kiini kinaongezwa chuma ili sumaku isibanwe kileleni. Nguzo ya nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, inafanywa nene maradufu. Nyingi huwekewa karatasi ya shaba kati ya koili mbili, iliyoungwa ardhini, kuzuia makelele ya umeme yasivuke. Zinauzwa kwa ngazi: K-4, K-9, K-13, K-20 na kuendelea. Na kubwa si lazima iwe bora. Nimeona ofisi moja ikinunua K-20 kwa mzigo wa K-5 kwa sababu mtu alisema ni ya kisasa zaidi. Shaba na chuma walicholipia bure kingejenga darasa.

Ile nyutro nene inahusu zaidi mijini. Miaka michache nyuma nilifungua bodi ya jengo moja la ofisi hapa Mbeya, limejaa kompyuta na taa za LED, watu wakilalamikia harufu kama karanga zilizosahauliwa jikoni. Fezi tatu zilikuwa na ampea 96 hivi kila moja, zimelingana vizuri. Fundi wa zamani angesema nyutro iko karibu na sifuri. Ilikuwa na ampea 150, kwenye waya wa nusu ya unene wa fezi. Hamoniki ya tatu na ndugu zake, ya tisa, ya kumi na tano, hazifutani kwenye nyutro kama umeme wa msingi unavyofutana. Zinafika kwa wakati mmoja zikiwa zimeshikana mikono, na kwa mizigo ya aina ile nyutro inaweza kubeba hadi mara 1.73 ya fezi. Plastiki ya waya ule ilikuwa imegeuka kahawia na kukakamaa kama ganda la muwa. Hakukuwa na breka ya kuulinda, maana nyutro kwa kawaida haiwekewi breka. Jengo lile lilikuwa na watu zaidi ya mia kila siku.

Turudi Mufindi. Kwenye fomu ya kuagiza transfoma mpya tuliandika kVA 630, K-9, na mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, halafu nikaambatanisha vipimo vya usiku vya wiki nzima. Muuzaji alipiga simu kuuliza kama kweli hiyo namba ya kimo tunaihitaji. Nikamwambia tunaihitaji, na kwa drivu pia, kwa sababu nyingi hupoteza kama asilimia 1 ya uwezo kwa kila mita 100 zikipita 1,000, na hakuna aliyewaambia wenye viwanda vya huku. Transfoma ilikuja mwezi wa Kumi na Moja, kabla ya mvua kukolea. Nilikwenda kuipima usiku wa kwanza wa msimu. Hewa 14, mafuta 58. Kupanda, nyuzi 44.

Kabla sijaondoka mara ile ya kwanza, mwezi wa Tano, nilikuwa nimemwambia meneja kwamba ripoti yangu haitatoka bila ukurasa mmoja zaidi. Nikaandika kwamba kimo cha mafuta kilikuwa sahihi, kwamba koki haikufunguliwa, na kwamba mabadiliko ya sauti yaliripotiwa na mlinzi wa usiku miezi miwili kabla. Meneja alitia saini. Siku za kusimamishwa zililipwa, zote kumi na tatu, hilo nililiulizia mwenyewe kwa simu hadi likatimia.

Mzee alirudi getini Jumatatu. Aliomba nakala yake ya ukurasa ule, nikampa. Miwani hakuwa nayo, kwa hiyo akanirudishia na kuniomba nimsomee pale palipoandikwa mafuta. Nikamsomea. Akakunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafungua geti gari lipite. Gari lilipofika kwake akainua mkono, dereva akasimama. "Binti," akasema dirishani, "na pale palipoandikwa sauti, nisomee."